Mkataba ukiisha funga akaunti, usifute

Masika yameingia, mahoteli ya Nungwi na Paje yanapunguza watu, na nishaanza kuona mambo yale yale. Kijana mmoja wa IT, simtaji, kaacha akaunti ya kompyuta na imeili ya mtu wa rezavesheni iko wazi na mkataba ushakwisha, namuuliza ananambia "si atarudi Juni". Mwenziwe yeye kafuta zote eti apunguze leseni, yaani zile tunazolipia kwa kila mtumiaji. Yakhe, nyote wawili mnanipandisha presha.

1. Funga, usifute. Hapa nakaa kidogo kwa sababu mie yamenikuta. Kulikuwa na dada wa rezavesheni, mkataba wake ukaisha mwisho wa Machi, HR, yule anayeshughulikia waajiriwa, akanambia muondoe, na mimi na kiherehere changu nikamfuta kabisa kwenye Microsoft 365, huko imeili za hoteli ziliko, leseni nikairudisha, nikajiona fundi. Mnajua wenyewe, ukimfuta mtu una siku 30 za kumrudisha, zikipita kaenda na imeili zake zote. Mei nzima hoteli imefungwa hakuna aliyeuliza. Juni dada karudi na mkataba mpya, nikamtengenezea akaunti kwa jina lile lile, kafungua, peupe. Kumbe maejenti wa Italia walikuwa wakimwandikia yeye, si imeili ya hoteli: vocha, depoziti, orodha ya vyumba vya Julai, vyote mule. Nikawa namwambia subiri bado inavuta, na mie najua hakuna cha kuvuta. Mwisho tukakaa wawili tunawaandikia maejenti mmoja mmoja watutumie upya, wengine wanajibu kwa kejeli, meneja kasimama mlangoni hasemi kitu, wallahi bora angenitukana. Aliyenionea huruma ni dada mwenyewe, akaninunulia urojo.

Na wale wa sava ya ofisini msidanganyike na jina, ukiunda upya kwenye Active Directory, ile orodha ya watumiaji ya sava, yule ni mtu mwengine, SID (namba ya utambulisho ya akaunti) nyengine, mafolda yote yatamkataa.

Kama shida ni leseni basi zuia kuingia, geuza imeili yake iwe sanduku la pamoja (shared mailbox, linalofunguliwa na wenzake), halafu ndo utoe leseni. Chini ya GB 50 halitaki leseni. Na wewe uliyefuta wiki hii, zirudishe leo leo, usingoje Jumatatu.

2. Kubadilisha paswedi peke yake hakutoshi, simu yake yaweza kubaki ndani kwa muda. Kata sesheni zote, yaani mtoe kwenye kila kifaa alichoingilia.

3. Tarehe ya mwisho iwekeni siku mnayofungua akaunti, HR anayo kwenye mkataba. Ila ile tarehe ya kuisha ya Active Directory haivuki kwenda kwenye wingu, yaani Microsoft 365, kwa hiyo kompyuta ya ofisini inamkataa na imeili anaendelea kuzisoma kwao. Hili limewapiga hata wakubwa.

4. Msisahau vitu visivyo na jina la mtu. Akaunti ya risepsheni wanayoingilia watu sita, Wi-Fi ya ofisi, Booking.com, grupu la WhatsApp la oda za jikoni. HR hatokwambia hivi kwa sababu havijui. Instagram ya hoteli ndo balaa, namba ya kuthibitisha ya kuingilia inakwenda kwenye simu ya aliyeifungua, na mtu mwenyewe kesharudi kwao Wete, mnampigia usiku kumbembeleza akusomeeni tarakimu sita, na yeye anakuulizeni kwanza mshahara wake wa mwisho unaingia lini.