Remember to au remember -ing?

Dada wa Chamwino, uliyeuliza tofauti ya hizo mbili: angalia kitendo kimeshafanyika au bado. Remember to lock the door: mlango haujafungwa, usisahau kuufunga. I remember locking the door: nimeshaufunga, na nakumbuka kabisa nikiufunga. Mitihani inapenda sana kutega hapo.

Ukitaka mwenzako akukumbushe kesho mpitie soko la Majengo, usimwambie remember me. Sema remind me.

Ila remember me to your mother ni sahihi, maana yake nisalimie mama yako (ni ya kizamani kidogo, lakini mimi naipenda). Na bibi aki-remember mjukuu kwenye wosia, basi kamwachia kitu, pengine shamba la zabibu kule Hombolo.