Sedani za AWD za bei nafuu: Legacy B4, Mark X Four, A4 quattro, 320i xDrive au WRX S4?

Mkuu, umesema unaagiza gari moja kutoka Japani, unataka sedani yenye nguvu inayovuta matairi yote manne (AWD), na unazipima hizo tano hapo juu (Legacy na WRX ni Subaru, Mark X ni Toyota, A4 ni Audi, 320i ni BMW) kwa bei, kilomita na jina la kampuni. Nakujibu kwa vigezo hivyo hivyo, ila kilomita naziweka mwisho. Kwa AWD, namba ya kwenye dashibodi ndiyo inayosema machache kuliko zote, halafu ndiyo watu wanayoilipia zaidi.

Tuanze na bei. Bei ya kwenye tovuti ya muuzaji ni nusu ya safari. Kwa Tanzania, chukua thamani ya gari mpaka bandarini kama 100. Ushuru wa forodha 25% unakupeleka 125. Juu ya hiyo 125 unakuja ushuru wa bidhaa: 5% kama injini ni zaidi ya cc 1000 na haizidi 2000, 10% ikizidi hapo. Kisha ushuru wa uchakavu: 15% gari likifika miaka 8, 30% likivuka 10. Mwisho VAT 18% juu ya jumla yote. Piga hesabu mwenyewe: gari la cc 2000 lenye miaka 7 linatoka kama 155, lile lile likivuka miaka 10 linatoka kama 199. Cc 2500 lenye miaka zaidi ya 10 ni kama 206. Tozo ndogo ndogo sijazitia. Maana yake, kuhangaika kati ya cc 2000 na 2500 kunakuokolea kidogo sana. Umri ndio unaokukamua. Na kumbuka TRA, yaani mamlaka ya mapato, wana thamani yao kwenye kikokotoo, kwa hiyo gari ulilolipata kwa bei ya kutupa mnadani halitozwi kwa bei yako. Ingiza mwaka na modeli kwenye kikokotoo kabla hujatuma hata senti.

Kwa wa Kenya hesabu ni nyingine. Gari lililozidi miaka 8 haliingii kabisa, na petroli yoyote ya zaidi ya cc 1500 mpaka 3000 inakaa kwenye kapu moja la ushuru wa bidhaa, kwa hiyo 2.0 na 2.5 hazitofautiani kwa asilimia. Huko Audi A4 ya B8 na Legacy ya BM9 (hizo herufi na namba ni majina ya matoleo) ni za kununua kwa mtu ambaye tayari anazo nchini, siyo za kuagiza.

Sasa majina. Wajerumani wawili kwenye orodha yako wanashuka bei haraka sana Japani, ndiyo maana A4 2.0 TFSI quattro ya 2012 inaweza kuonekana rahisi kuliko Mark X ya mwaka huo huo. Siyo bahati, soko linajua kinachokuja. A4 ya B8 ni gari tamu: 211 PS (nguvu farasi), torki ya Nm 350, quattro (AWD ya Audi) yenye difu ya kati ya Torsen inayogawa 40 mbele na 60 nyuma bila kusubiri kompyuta. Lakini injini za mwanzo, za 2008 hadi 2011 hivi, zinakula oili kwa sababu ya ringi za pistoni, na tensheni ya taimingi cheni ya zamani ikilegea cheni inaruka meno na valvu zinapinda. Nyumba ya temostati na pampu ya maji ni ya plastiki, inavuja. Gia boksi ya S tronic ya gia 7 inataka oili na filta yake kila kilomita 60,000, na ile kompyuta iliyo ndani yake ikifa unaanza kuulizana bei na watu wa Nairobi na Dubai. Halafu jambo moja linalowaponza wengi: A4 za Japani zisizo na neno quattro ni za kuvuta mbele na nyingi zina gia boksi ya Multitronic. Picha zinafanana kabisa. Angalia beji na namba ya modeli, usiangalie rangi.

320i xDrive (AWD ya BMW) ya F30 ni afadhali kwa uendeshaji wa kila siku. Gia boksi ya ZF ya gia 8 ni mojawapo ya bora zilizowahi kutengenezwa, ukiibadilishia oili kati ya kilomita 80,000 na 100,000, hata kama kitabu kinasema ni ya maisha. Tatizo ni injini ya N20 ya kabla ya 2015: miongozo ya plastiki ya taimingi cheni inameguka na vipande vinakwenda kuziba njia ya oili. Washa gari likiwa la baridi, simama mbele, sikiliza mvumo mwembamba unaopanda pamoja na rpm. Ukiusikia, ondoka. Baada ya maboresho ya 2015 ikaingia B48, na hiyo ndiyo ya kutafuta. Hela ikibana usishuke kwenye N20, hamia gari lingine.

Mark X Four ni kinyume chake. Jina la Toyota linafanya nusu ya kazi siku ya kuuza, na V6 yake ya 2.5, 4GR-FSE ya 203 PS, haina turbo ya kuogopa. Lakini watu wanachanganya mambo mawili. Kwanza, ile ya 3.5 yenye 318 PS haikuwahi kuwa Four, inavuta nyuma tu. Pili, spea za Mark X zilizojaa Ilala na Gerezani ni za ile ya kuvuta nyuma. Four ina difu ya mbele, drevshafti za mbele na vipande vya saspensheni ambavyo havipo kwenye ndugu yake, kwa hiyo usidhani kila kitu kitapatikana kesho asubuhi. 4GR inachoma petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi na mafuta na zinajenga masizi. Dalili ni gari kutetemeka ukiwa kwenye foleni, hasa asubuhi. Mafundi wengi watakuuzia plagi na koili kabla ya kufikiria masizi. Pampu ya maji nayo inaanza kuvuja taratibu, tafuta alama ya waridi iliyokauka chini ya puli. Wese mjini tegemea kilomita 6 hadi 8 kwa lita. Kama unatafuta msisimko, mimi naona Mark X Four ni gari la mzee mwenye haraka, siyo gari la mchezo.

Legacy B4 inahitaji kugawanywa, maana chini ya jina hilo kuna magari matatu tofauti. BM9 ya 2.5i ya 2009 hadi mapema 2012 ina injini ya EJ25 ya mkanda wa taimingi, na gasketi za silinda hedi zake zinavujisha maji au oili pembeni ya injini. Mkanda unabadilishwa kila kilomita 100,000, pamoja na pampu ya maji na vibingirishi vyake. Kubadilisha mkanda peke yake ni kutupa hela ya ufundi. Kuanzia 2012 ikaja FB25 ya cheni, na hiyo ndiyo iliyoendelea kwenye BN9 ya 2014 na kuendelea. FB za mwanzo zinaweza kula oili, kwa hiyo vuta kijiti kila ukijaza tenki. Ya tatu ni za turbo: 2.5GT ya EJ na, tangu 2012, 2.0GT DIT ya 300 PS. Injini hiyo ya DIT ndiyo imo kwenye WRX S4, yenye Nm 400 na CVT (gia boksi isiyo na hatua za gia) nzito kuliko ya Legacy ya kawaida.

S4 ndiyo gari la mchezo pekee hapa, tusidanganyane. Lakini ilitengenezwa kwa petroli ya Japani ya oktani 100, na ya pampu zetu haifiki hapo. Kompyuta itarudisha nyuma muda wa cheche na utapoteza nguvu kidogo, hilo si baya. Kinachoua ni mtu kuongeza busti (msukumo wa turbo) kwa programu ya mtaani juu ya petroli hiyo hiyo. Injini inagonga, pistoni inapasuka kwenye kingo za ringi. Ukiona S4 au Legacy GT ina ekzosi kubwa, filta ya hewa ya wazi na muuzaji anasema "imefunguliwa kidogo", hiyo siyo nyongeza, ni deni.

Kuhusu kilomita, omba karatasi ya mnada, siyo picha yake iliyokatwa pembeni. Gredi 4 au 4.5 ni nzuri, R au RA ina maana liligongwa na kutengenezwa. Nyota mbele ya kilomita ina maana odometa ina shaka. Kisha omba cheti cha kusafirisha nje: sehemu ya maelezo huandikwa kilomita za ukaguzi wa shaken (ule wa lazima wa magari Japani), wa sasa na uliotangulia. Kama ukaguzi uliotangulia unasema 92,000 na dashibodi inasema 68,000, mazungumzo yameisha.

Lakini gari la kilomita 60,000 za kweli linaweza kuwa na difu ya kati iliyokufa, na la 120,000 likawa zima. Sababu ni matairi. AWD inategemea magurudumu yote manne yazunguke sawa. Tairi lenye kashata pungufu kwa milimita 1 mzingo wake unapungua kwa zaidi ya milimita 6, na Subaru wenyewe mpaka wao ni kama milimita 6. Ukifunga mawili mapya mbele na kuacha ya zamani nyuma, klachi ya kati inateleza kila sekunde, inapasha oili joto, inaungua. xDrive ni vile vile, inaanza kwa kurukaruka ukikanyaga taratibu ukiwa kwenye 60.

Kwa gari lililopo yadi, chukua futi ya fundi cherehani. Weka alama ya chaki kwenye kila tairi, zungusha futi katikati ya kashata, andika namba nne. Kisha tafuta eneo la lami lililo wazi, kata usukani mpaka mwisho, zunguka taratibu kulia, halafu kushoto. Gari likijikokota kana kwamba limeshikwa breki, au likagonga gonga chini, mfumo wa kati umebana. Fanya hivyo oili ikiwa imepata moto, siyo dakika ya kwanza. Mwisho weka R kisha D mara tatu. CVT inayochelewa zaidi ya sekunde moja na nusu kushika, achana nayo.

Kwa swali lako lenyewe: kama gari ni moja nyumbani, chukua Legacy B4 ya BN9, 2015 au zaidi. Nguvu ni 175 PS tu, lakini linashika barabara ya mvua vizuri kuliko Mark X na wese lake mjini ni kilomita 8 hadi 10 kwa lita. Kama una gari lingine la kwenda kazini na fundi anayejua Subaru, WRX S4 ambayo haijaguswa. B48 xDrive ukiwa na akiba ya robo ya bei ya gari pembeni. A4 B8 mwachie mwenye gereji.

Hilo Legacy likifika, usilipeleke moja kwa moja kwa fundi wa oili wa barabarani. FB25 inachukua lita 4.8 za 0W-20 pamoja na filta, difu ya nyuma lita 0.8 ya 75W-90, ya mbele kama 1.4. Difu ya mbele ina shimo lake karibu na la CVT, na mara nyingi fundi anamwaga oili ya CVT akidhani ni ya injini, kisha anaongeza lita tano nyingine kwenye injini iliyojaa. Nati ya difu ya mbele inafunguliwa kwa Torx T70. Mwambie fundi akuonyeshe T70 yake kabla hajaingia chini ya gari.