Nyota Kapanda Mashua Yako? Usikimbilie Kuchapisha Bango

Kazi yangu ni kuchapisha mabango hapa Amu, kisiwani Lamu, na wateja wengi ni watu wa utalii: mashua za machweo, nyumba za kupangisha Shela, mikahawa. Msimu ukifika, kuna ombi lisilokosa. Mtu ananiletea picha aliyopiga na msanii au mchezaji mashuhuri, anataka ikuzwe, na nambari ya simu iwekwe chini.

Huwa nauliza kwanza: "Mwenyewe anajua?" Nahodha mmoja mtu mzima alinijibu, "Mwanangu, humuoni anavyocheka? Kapiga kwa hiari yake." Sawa, lakini amekubali kupiga picha na wewe, hakukubali kukutangazia safari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hapa Kenya inakataza kutumia taarifa za mtu kibiashara bila ridhaa yake ya wazi, na sura yake ni mojawapo. Likizuka la kuzuka, ni juu yako kuthibitisha kuwa aliridhia. Kicheko si ushahidi.

Wapo wanaotaka niichezee picha kwenye kompyuta, nimvishe nyota fulana yenye jina la mashua. Hiyo sifanyi kabisa. Eddie Irvine, dereva wa Formula One, alipigwa picha ameshika simu. Stesheni ya redio ya Talksport ya Uingereza ikaiondoa simu na kumshikisha redio kwenye tangazo lake. Uingereza haina sheria inayompa mtu umiliki wa sura yake, lakini Irvine alishinda kesi kwa kuwa watu wangedhani anaipigia debe stesheni ile. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ikaamua alipwe pauni 25,000, maana kwa tangazo kama lile asingekubali chini ya hapo.

Picha za kushusha Instagram ndiyo usiseme: mbali na mwenye sura, yupo mpiga picha, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye hakimiliki.

Nahodha yule tulimwandikia nyota wake WhatsApp palepale dukani: "Naomba ruhusa kuweka picha yetu kwenye bango la mashua yangu na Facebook, mpaka Desemba." Taja picha ipi, itatumika wapi, mpaka lini, na jibu ulihifadhi. Yeye hakujibiwa, basi tukaweka mashua yenyewe, tanga limejaa upepo. Kwangu mimi lilipendeza zaidi. Hata nyota akikubali, anaweza kughairi baadaye, kwa hiyo usichapishe mabango rundo zima.

Haya si ya wageni tu. Bingwa wa mbio za punda naye ana jina, na hata asiye na jina analindwa: mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini. Ukiiona sura yako kwenye tangazo la hoteli, kabla hujaenda kugomba, lipige picha bango, na kurasa zao uzipige skrinishoti zenye tarehe. Bango huondolewa usiku mmoja tu. Kisha peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, hata kwa mdomo; sheria inawapa siku 90 kumaliza uchunguzi.