Ploti nimelipa mimi, taitoli ina jina lake

"Shangazi, assalamu alaikum. Nina stoli ndogo Eastleigh, nauza madera na mitandio holseli. Mume wangu aliachishwa kazi miaka minne sasa, tangu hapo kodi, fiizi na chakula ni mimi. Tulinunua ploti Joska, pesa nilikuwa natuma mimi kila mwezi lakini taitoli iko kwa jina lake. Sasa anataka kuoa mke wa pili na amjengee hapo hapo Joska. Tena anataka namba ya tili ya duka ihamie kwa simu yake, mamake anasema mali ya mke ni ya mume. Nikikataa nitapata dhambi? Mama wa Watatu."

Waalaikum salaam mama. Mama mkwe tumjibu kwanza tumalizane naye. Hiyo "mali ya mke ni ya mume" sijui aliitoa wapi, kwenye dini haiko. Suratun Nisaa aya ya 32 iko wazi, wanaume wana fungu lao kwa walichochuma na wanawake wana fungu lao kwa walichochuma. Bi Khadija alikuwa na biashara yake na Mtume (S.A.W.) ndiye aliyesafiri na bidhaa zake hadi Sham, kabla hata hawajaoana. Masurufu ni juu ya mume. Ukimsaidia kwa vile hana kazi ni sadaka, tena ile ya thawabu mbili, ya undugu na ya sadaka, kama alivyoambiwa Zaynab mke wa sahaba Ibn Masud. Lakini sadaka hailazimishwi. Kwa hivyo dhambi hakuna, tili ibaki pale ilipo.

Sasa ploti, na hapa nitakugombeza kidogo. Hizo pesa ulizotuma zilikuwa nini? Zawadi, deni ama ushirika? Najua hamkusema, hakuna mtu husema, unatuma tu usiku ukifunga duka na unalala. Mimi niliuza bangili zangu za mahari mume wangu akaongezea akanunua lori, Mungu amrehemu alikuwa mtu mzuri, lakini alipofariki lori likahesabiwa kwa mirathi kama mali yake yote na mimi nikapata thumni, yaani sehemu moja kwa nane, ya kitu nilichonunua mwenyewe. Mke mwenye watoto fungu lake ni thumni, na wake wakiwa wawili hiyo thumni moja wanagawana. Yaani akioa halafu siku moja Mungu amchukue, wewe na bibi mpya mnakata nusu nusu ya thumni ya ploti uliyolipa kwa madera. Lakini deni hulipwa kwanza ndio mirathi igawanywe. Unaona tofauti ya kitu kuwa na jina?

Na usione haya kumwambia tuandikiane. Aya ndefu kuliko zote kwenye Qur'ani, Baqara 282, ni ya kuandikiana deni. Mketishe chini, awepo mjomba wako na mzee mmoja wa upande wake, useme hizi pesa ni ushirika, ama jina langu liingie kwa taitoli ama tuandike ni deni la kiasi fulani na mashahidi wasaini. Kuoa ni haki yake, hilo sitakudanganya, lakini mke wa pili ajengewe kwa pesa za mume.

Kabla ya hicho kikao, toa stetimenti ya M-Pesa ya ile miaka yote, piga kalamu kila pesa iliyoenda kwa muuza ploti, na zile risiti za muuza ploti kama unazo weka kwa dadako, sio nyumbani. Cheti cha ndoa nacho kiko kwa nani? Tafuta kopi.

Akikataa kabisa kuna korti ya Kadhi. Katiba ya 2010 inampa ndoa, talaka na mirathi, bora nyote muwe Waislamu na mkubali kusikizwa naye. Halafu kuna Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, inahesabu mchango wa pesa na hata ule wa kulea watoto na kazi za nyumba, ila kwa Muislamu inasema anaweza kufuata sheria ya Kiislamu, ndio maana nataka uongee na wakili kabla hujachagua mlango. FIDA, chama cha mawakili wanawake, husaidia akina mama bila malipo. Muulize wakili pia kuhusu kuweka kaushoni kwa ofisi ya ardhi, hiyo huzuia ploti isiuzwe ama kuhamishwa kimya kimya. Na akianza kukunyang'anya simu ama pesa za duka, sheria ya 2015 ya dhuluma za nyumbani inataja pia dhuluma ya kiuchumi, hiyo ni kesi.

Anza na stetimenti wiki hii, halafu niandikie uniambie jumla imefika ngapi.