Wenzetu wakishakwenda "kuhesabiwa": Majilio ya jumuiya ya mjini

Mwaka wangu wa kwanza nikiwa mwenyekiti wa jumuiya, hili kundi dogo la familia Wakatoliki za mtaa mmoja, mshumaa wa nne wa Majilio, kipindi cha kujiandaa na Noeli, haukuwashwa. Ulikuwepo, tena mzima kabisa, umesimama kwenye taji letu la matawi ya mvinje juu ya kabati la sebuleni kwa mweka hazina, huku kwetu Kimara. Ufunguo wa sebule hiyo ulikuwa Rombo. Mama wa watu alipanda basi alfajiri ya tarehe 19, na kwa kuwa wiki iliyotangulia tulisali kwake, taji, vitabu vya nyimbo na daftari la mahudhurio vyote vilibaki ndani. Nilipompigia simu alicheka kwanza, kisha akaanza kuomba radhi, nami nikamwambia asijali huku nimenuna. Jumamosi ile tulisali watu saba. Kila wimbo tuliishia ubeti wa kwanza, kwa kuwa ndio tuliokuwa nao kichwani.

Anayeishi Dar es Salaam haelezwi jambo hili. Ikifika katikati ya Desemba wenzetu Wachaga wanarudi kwao Kilimanjaro, wanakwenda "kuhesabiwa". Ni utani wa siku nyingi, na ukitolewa nje ya kanisa wakati huu unanoga zaidi, maana hata Yosefu alifunga safari kwenda Bethlehemu kwa jambo hilo hilo. Siku hizi si Wachaga peke yao. Kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis kinafurika watu wa Bukoba, Mbeya, Songea na Karatu, na tangu treni ya abiria ya kwenda Moshi iliporudi Desemba 2019 wapo wanaojihimu kukata tiketi mapema na kutuaga siku nyingi kabla. Jumuiya yetu ina familia 34. Kufikia tarehe 20 tunabaki kumi na kitu.

Miaka mitatu ya kwanza niliona hili kama bahati mbaya ya kalenda. Sasa naona ndiyo shughuli yenyewe. Anayesafiri ana wazazi, ana ndugu, ana mbuzi wa kuchinja na kanisa la kijijini lililojaa hadi nje. Anayebaki mara nyingi ana sababu iliyombakiza: nauli, mgonjwa, zamu kazini, au kule kwao hakuna tena mtu wa kumpokea. Kwa hiyo nikikaa kupanga Majilio, nampanga huyu kwanza.

Naanza kwa kuhesabu Jumamosi, kwa sababu sisi tunasali Jumamosi saa 12 asubuhi kama jumuiya nyingi za mjini. Majilio hayana urefu mmoja. Dominika, yaani Jumapili, ya kwanza huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba, kwa hiyo kipindi chote kinaweza kuwa siku 28 au kikapungua hadi 22. Mwaka 2022 Noeli iliangukia Jumapili, tukapata wiki nne kamili. Mwaka uliofuata Dominika ya nne ilikuwa tarehe 24 Desemba yenyewe: asubuhi Misa ya Majilio, usiku mkesha wa Noeli, na waliopamba kanisa walikimbizana na saa katikati ya Misa hizo mbili. Kwa jumuiya, hiyo ni tofauti ya Jumamosi nzima. Ukiwa na Jumamosi tatu tu, na ya mwisho ni ya watu kumi, unajua mambo mazito yafanyike lini.

Jumamosi ya kwanza, kabla ya matangazo mengine, nauliza: nani anasafiri, na tarehe ngapi? Katibu anaandika. Wapo wasiopenda kutangaza safari mbele ya watu kwa kuogopa wezi, nami siwalaumu. Hao huninong'oneza tukiwa tunatoka. Orodha hiyo ndogo inaokoa mengi. Vitu vyote vya jumuiya vinahamia kwa asiyesafiri. Mweka hazina akiwa msafiri, fedha zinakabidhiwa kwa maandishi mbele ya watu wawili, maana hela ikiwa kwenye simu ya mtu aliye mgombani huko na mtandao unakatika, wewe wa mjini utabaki unapiga "namba unayopiga haipatikani" huku msiba umeingia. Ratiba ya nyumba za kusali inapangwa upya, wasafiri wote wakitangulizwa mwanzoni.

Sasa michango. Hapa nitakaa kidogo.

Desemba jumuiya ya mjini inachangisha hadi inajichosha. Kuna mchango wa zawadi ya baba paroko, wa mapambo ya kanisa, wa sare za kwaya, wa wahitaji, bado zaka ya mwezi, na hapo ada za Januari zinamchungulia kila mzazi dirishani. Kwenye jumuiya yetu ulikuwepo utaratibu, nami niliuendeleza bila kuufikiri, wa katibu kusimama na daftari na kusoma nani ametoa na nani bado. Tuliuita uwazi. Kuna baba mmoja, fundi ujenzi, mtu wa kuanzisha nyimbo, aliacha kuja kuanzia wiki ya pili ya Majilio. Nilidhani amepata kazi mkoani. Nilikutana naye dukani mwezi wa pili, akaniambia kwa upole tu, "Mwenyekiti, jina langu lilisomwa mara tatu. Mara ya nne nisingeweza kukaa kwenye kile kiti." Nilirudi nyumbani na sukari yangu sijui hata nilivyotembea.

Tuliacha kusoma majina. Sasa tunataja jumla iliyopatikana na matumizi yake, basi, na anayetaka kuona daftari analiona kwa mweka hazina. Tukaunganisha michango yote ya Noeli kuwa mmoja, unaotangazwa mwezi wa kumi ili mtu adunduize, na anayeshindwa fedha alete alichonacho: nazi, mkungu wa ndizi, saa mbili za kufyeka majani uwanjani kwa kanisa. Wapo walioniambia mapato yatashuka. Mwaka wa kwanza yalishuka kweli, sitaki kudanganya. Lakini yule fundi alirudi na sauti yake. Na lile kundi letu la WhatsApp, tafadhali, lisigeuzwe ukuta wa kubandika picha za miamala. Mtu akituma fedha, mweka hazina amjibu pembeni.

Kuna kosa jingine nililifanya, nalo ni baya zaidi. Tulinunua mchele, sukari, mafuta na sabuni kwa ajili ya familia nne za wahitaji, tukaziita mbele siku ya sala, tukapiga makofi, tukapiga picha. Mama mmoja alipokea huku ameangalia chini. Watoto wake walikuwa wamekaa na watoto wetu. Sikumwona jumuiyani hadi karibu na Kwaresima. Siku hizi mzigo unapelekwa jioni na watu wawili, bila kamera, na kabla ya kununua tunauliza. Hili la kuuliza lilitufundisha kwamba mchele si jibu la kila nyumba. Kwa anayemuuguza mama yake kitandani, hitaji kubwa lilikuwa pampasi za watu wazima na mtu wa kukaa na mgonjwa kwa muda wa saa tatu ili naye aende Misa. Hizo saa tatu hazina bei, na bado ndizo ngumu kuzichangisha.

Tarehe ya kutembelea wagonjwa tumeishaiweka: 9 Desemba. Ni sikukuu ya Uhuru, waajiriwa wako nyumbani, wasafiri wengi bado hawajaondoka, na inafuata siku moja baada ya sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili tarehe 8, kwa hiyo moyo wa sala bado una moto. Mvua za vuli zikiwa zinanyesha, vaa raba, vilima vya Kimara havina simile. Tunagawana makundi ya watu wanne, wasizidi, maana chumba cha mgonjwa hakijai watu kumi na watano na gitaa.

Ila kabla ya siku hiyo orodha ya wagonjwa iwe imeshafika ofisi ya parokia. Padre hana njia ya kujua kwamba kuna bibi chumba cha uani asiyeweza kutembea. Atajua jumuiya ikimwambia. Nasema hivi kwa sababu tulikuwa na bibi wa namna hiyo. Alihamishwa kutoka nyumba ya mbele kwenda chumba cha nyuma baada ya wapangaji kuingia, na sisi kwa kutomwona barazani tukadhani amepelekwa kijijini. Miezi saba hakupata Komunyo. Alipotuona aliuliza kama tumemzika kwenye daftari. Tangu hapo orodha haiandikwi kwa kukumbuka, inaandikwa kwa kugonga mlango hadi mlango, na anayeigonga ni mtu wa mtaa huo huo.

Kuhusu maungamo sina mengi: nenda wiki ya pili. Foleni ya tarehe 23 mnaijua.

Novena ya Noeli, sala za siku tisa kuanzia tarehe 16 hadi 24, ndiyo iliyobadilisha kabisa sura ya jumuiya yetu. Zamani tuliisali alfajiri kwa mazoea, tukawa wawili watatu. Mwaka mmoja, kwa kuwa wenye magari na haraka za ofisini walikuwa wameshasafiri, tukaihamishia saa 1 jioni. Wakaja watu ambao sikuwahi kuwaona: dada wa kazi walioachiwa nyumba walinde, kijana mlinzi kabla hajaingia lindo la usiku, muuza chipsi aliyefunga banda nusu saa, mwanafunzi wa chuo aliyekosa nauli ya Sumbawanga. Wote wanaishi ndani ya mipaka ya jumuiya yetu. Saa 12 asubuhi dada wa kazi anaandaa chai ya watoto, atakujaje? Tulikuwa tumeweka muda wa wenye nyumba na kudhani ni muda wa kila mtu.

Kwa hiyo nikiulizwa ushauri mmoja tu, nasema jaribu kubadili saa. Na usiwape wageni hawa kazi ya kuosha vikombe, wameosha kutwa. Wape somo wasome, wape maombi waongoze. Yule kijana mlinzi anasoma Isaya utadhani barua imetoka kwao.

Mengine ni madogo. Taji la Majilio asili yake ni Hamburg, Ujerumani, ambako mchungaji Mlutheri Johann Wichern alilianzisha mwaka 1839 kwa ajili ya watoto waliokuwa wakimuuliza kila siku Noeli lini. Kwa hiyo waachieni watoto waliwashe, hata kama wanagombania. Mishumaa ya zambarau ikikosekana Kariakoo, nunua myeupe uifunge utepe, na ule wa Dominika ya tatu utepe wa pinki. Usiiache karibu na dirisha la mchana, kwa joto la Desemba la Dar inainama kama inasujudu. Pango la Noeli waachieni vijana na mifuko yao ya saruji. Wakiikunja na kuipaka rangi inakuwa mwamba kuliko mwamba, mradi Mtoto Yesu asiwekwe horini kabla ya mkesha. Kwaya nazo zinataka kuanza nyimbo za Noeli Dominika ya pili, kwa kuwa maduka yameshaanza tangu Novemba. Mimi ni wa upande wa katekista hapa: tusubiri. Wimbo wa Utukufu usipoimbwa Dominika zote hizo, usiku wa mkesha kengele zikilia unausikia kwenye mifupa.

Noeli iliyopita tulikuwa watu 19 jioni ya mwisho ya novena, wengi wao majina yao hayakuwemo kwenye daftari mwaka juzi. Tulisalia kwangu. Katikati ya sala simu ikalia, video kutoka Rombo, mweka hazina amejifunga kitenge kwa baridi na nyuma yake moshi wa jikoni. Hakusalimia.

"Mmewasha wa nne?"

Nikamgeuzia simu aone. Akaangalia kidogo, akauliza na vitabu vya nyimbo je. Nikampandishia hicho nilichokuwa nacho mkononi, na mkono mwingine nikautoa ufunguo wa nyumba yake mfukoni nikauning'iniza mbele ya kamera, jumuiya nzima ikaangua kicheko.