Kuchagua monita ya Hz 144 kwa bajeti ndogo: ushauri kwa wachezaji wa Tanga

Vijana wanaonijia hapa Ngamiani kutaka ushauri wa monita ya kuchezea gemu za mashindano huanza karibu wote na swali lilelile: "Kaka, ninunue ya Hz ngapi?" Nami kabla ya kujibu huwauliza kompyuta yao inatoa fremu (picha kamili) ngapi kwa sekunde katika gemu wanayoicheza. Namba ya Hz iliyoandikwa kwenye boksi, yaani mara ambazo kioo kinaweza kubadilisha picha kwa sekunde, ni kiwango cha juu cha kioo peke yake, na kioo hakiwezi kuonyesha fremu ambazo kompyuta haijazitengeneza wala waya haujazifikisha. Fedha nyingi za wachezaji wa mji huu hupotea hapo.

Monita ya Hz 60 hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, hivyo kila picha hukaa kiooni kwa takriban milisekunde 16.7. Ya Hz 144 hupunguza muda huo hadi milisekunde 6.9, na ya Hz 240 hadi 4.2. Kwa hiyo anayetoka 60 kwenda 144 anaokoa karibu milisekunde 10 kwa kila picha, ilhali anayetoka 144 kwenda 240 anaokoa chini ya 3, tena kwa bei iliyopanda sana na kwa sharti kwamba kompyuta yake iweze kutoa fremu 240 bila kuyumba. Ndiyo maana ninashikilia kwamba mwenye bajeti ndogo aishie Hz 144 au 165, na kinachobaki akiweke kwenye kadi ya grafiki au RAM. Valorant ni gemu nyepesi, na kompyuta ya kawaida yenye kadi ya wastani inaweza kuvuka fremu 144. Counter-Strike 2, iliyochukua nafasi ya CS:GO mwaka 2023, ni nzito zaidi ya mtangulizi wake, kwa hiyo pima kwanza kwenye mashine yako mwenyewe, ukiwa katikati ya mapambano yenye moshi na mabomu, kwa sababu fremu hushuka hasa wakati huo.

Anayechezea PlayStation 4 asinunue monita ya aina hii kwa ajili ya mashine hiyo, kwa kuwa haitoi zaidi ya Hz 60. PlayStation 5 hufika Hz 120, lakini kwa gemu zilizotengenezewa uwezo huo tu. Vilevile monita haitibu intaneti: mechi ikiwa kwenye seva ya Johannesburg au Dubai, data lazima isafiri kwenda na kurudi, na hakuna kioo kitakachofupisha safari hiyo.

Baada ya Hz linakuja suala la paneli, yaani aina ya kioo chenyewe, ambalo wauzaji wengi hawalitaji kabisa. Paneli za TN ni za haraka na za bei nafuu, lakini rangi zake hufifia ukizitazama kutoka pembeni au kutoka chini. IPS zina rangi nzuri kila upande, na zile zilizotengenezwa katika miaka ya karibuni zina kasi ya kutosha kabisa kwa Hz 144. VA zina weusi uliokolea unaopendeza kwa kutazama filamu, ila nyingi za bei ya chini huchelewa kutoka rangi nyeusi kwenda kijivu, na kwa mchezaji wa gemu za bunduki huo ni upungufu mkubwa: adui anapokatiza kwenye kona yenye giza, mwili wake huacha mkia wa kivuli nyuma, na jicho linashindwa kujua ukingo wake uko wapi hasa. Kwa bajeti ndogo ninapendekeza IPS, na kama haipatikani, afadhali TN kuliko VA ya bei ya kutupa.

Usiridhishwe na maandishi ya "1 ms", yaani kwamba pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) hubadilika rangi kwa milisekunde moja. Kuna watengenezaji wanaopima pikseli ikibadilika katika hali yake bora kuliko zote, na wengine huandika namba iliyopatikana kwa kuwasha na kuzima taa ya nyuma ya kioo kwa haraka, jambo linalopunguza mwanga wa picha na ambalo kwenye monita nyingi halifanyi kazi sambamba na FreeSync, teknolojia ya kulinganisha kasi ya kioo na fremu za kompyuta. Kipimo cha kuaminika ni macho yako mwenyewe. Mwombe muuzaji aunganishe monita na kompyuta yenye uwezo wa Hz 144, kisha fungua tovuti ya TestUFO, ambapo visahani vinavyoruka hupita katika mistari kwa viwango tofauti vya fremu. Fuata kisahani cha mstari wa juu kwa macho. Halafu ingia kwenye menyu ya monita, tafuta mpangilio wa ovadraivu, unaosukuma pikseli zibadilike haraka, na uupandishe hatua kwa hatua. Katika kiwango cha chini utaona ukungu unaofuata nyuma ya kisahani. Katika kiwango cha juu kabisa, mara nyingi utaona ukingo mweupe au wa rangi ya ajabu, dalili kwamba pikseli zinasukumwa kupita kiasi. Monita nzuri ina kiwango cha katikati ambacho kisahani chake kinabaki safi pande zote mbili. Ukikosa kiwango hicho, iache, hata kama bei inavutia.

Ukiwa hapohapo dukani, jaza kioo chote kwa rangi moja, kuanzia nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani hadi bluu, na utafute pikseli zilizokufa. Kwenye nyeusi, omba taa zizimwe kidogo ili uone kama mwanga unavuja pembeni.

Suala la matundu ya nyuma ya kuchomekea waya wa picha (DisplayPort, HDMI au DVI) linahitaji umakini zaidi kwa anayenunua monita iliyotumika, na wengi wetu tunanunua zilizotumika, ziwe za Kariakoo au za hapa mjini. Baadhi ya monita za Hz 144 za miaka ya nyuma hufikia kasi hiyo kwa DisplayPort au kwa DVI ya njia mbili pekee, huku HDMI yake ikiishia Hz 60. Kadi nyingi mpya za grafiki hazina tena tundu la DVI, na kifaa cha kugeuza DisplayPort kuwa DVI ya njia mbili kwa kasi hiyo ni ghali kiasi cha kufuta unafuu wote ulioupata. Angalia matundu kabla hujajadili bei. Yenye DisplayPort 1.2 au HDMI 2.0 inatosha bila shida kwa picha za 1920 kwa 1080. Na kwa ubora huo wa picha, chukua inchi 24. Kwenye inchi 27 pikseli huwa kubwa, na adui aliye mbali huonekana kama doa lililochakaa.

Ikiwa na FreeSync, ni faida ya kweli kwa mwenye kompyuta ya kawaida, kwa sababu monita hufuata fremu zinapopanda na kushuka badala ya kuikata picha vipande. Tangu mwaka 2019 kadi nyingi za NVIDIA pia zinaweza kuitumia kupitia DisplayPort.

Monita inayotoka Dar es Salaam kwa basi isafirishwe ndani ya boksi lake lenye vipande vya povu, ikiwa imesimama wima, wala isilazwe chini ya mizigo mingine. Ikifika, iweke mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari, hasa kwa wakazi wa Raskazone, maana chumvi hula matundu ya nyuma taratibu. Iunganishe pia kupitia kifaa cha kulinda umeme, kwa kuwa umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika ndipo vifaa vingi huungua.

Kisha kuna jambo ambalo ninalikuta mara kwa mara ninapoitwa Makorora au Chumbageni kuangalia monita "isiyo na tofauti": mwenye nayo ameichomeka, amecheza wiki nzima, na Windows bado inaiendesha kwa Hz 60. Fungua mipangilio ya skrini, ingia kwenye mipangilio ya juu ya onyesho, uchague Hz 144, kisha uhakikishe ndani ya gemu yenyewe kwamba fremu hazijafungiwa 60. Namba ya 144 isipojitokeza kwenye orodha, badilisha waya kabla ya kumlaumu muuzaji.