Re: Mama kaacha matone ya presha ya macho

Pole ndugu. Umeuliza kama mama anaweza kuacha matone kwa kuwa macho hayamuumi. Hapana, asiache. Glakoma (ndiyo watu huita presha ya macho) mara nyingi haina maumivu. Huanza kula uoni wa pembeni, na ulioshapotea haurudi. Matone yanalinda uliobaki tu. Ila kama matone hayo ni ya dawa iitwayo timololi na mama ana pumu, mrudisheni kwa daktari haraka abadilishiwe. Akishadondosha, afumbe jicho na kubana kona ya karibu na pua dakika 2 hivi.

Na wewe kapime, hospitali ya CCBRT Msasani au Muhimbili, Dar es Salaam, maana glakoma inatembea kwenye ukoo. Usiridhike na kipimo cha presha peke yake: hata presha ikiwa chini ya 21 mmHg, yaani ya kawaida, mtu anaweza kuwa na glakoma. Waangalie na mshipa wa fahamu nyuma ya jicho.